Maiki Iliyobaki Kabatini

Chombo cha kanisa hakivuki mlango wa kanisa.

Maneno hayo aliyaandika Wechuli Wakhisi kwa mkono wake, kwa wino mweusi, akayabandika upande wa ndani wa kabati la vyombo katika kanisa letu la Migosi, Kisumu. Ufunguo wa kabati hilo alikaa nao yeye. Kwa miaka minane hakuivunja sheria hiyo hata mara moja, wala hakumwacha mtu mwingine aivunje.

Sababu ilikuwepo. Tuliwahi kuwaazima wafiwa spika mbili na maiki tatu kwa matanga ya siku nne. Spika moja ilirudi imepasuka. Maiki mbili zilirudi, ya tatu haikurudi, na kila tuliyemuuliza alimtaja mwenzake. Tangu hapo maiki bora tuliyobaki nayo ni moja tu, nzito, yenye wavu uliobonyea ubavuni kwa sababu iliwahi kuanguka kwenye saruji. Kila Jumapili Wechuli aliiweka mbele ya amplifaya ya gitaa lake, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kitambaa cha spika, kidogo pembeni mwa katikati. Gitaa lilisikika hadi kwa akina mama wanaokaa nje na watoto, na lilisikika kama gitaa.

Miaka miwili iliyopita Dorca, katibu wa kamati yetu, alifiwa na mama yake. Aliiomba maiki hiyo kwa siku moja tu ya mazishi. Wechuli alimpa pole, akachanga, akaenda hadi kaburini, lakini maiki hakumpa. Dorca alikodi nyingine mtaani. Ilizimika kaka yake alipokuwa anaanza kusoma historia ya marehemu, na watu mia tatu wakakaa wakimtazama mtu anayefungua na kufunga mdomo. Dorca hakulalamika mbele ya watu. Lakini kuanzia siku hiyo alimsalimia Wechuli kwa jina lake kamili, kama anavyosoma orodha.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila kuyajua, mtu atadhani Wechuli alikuwa mkaidi tu.

Kazi yake ni fundi wa kutengeneza cherehani katika soko la Kibuye. Ana miaka hamsini na mmoja, mke wake Nangila anafundisha chekechea, na nyumba yao ya kupanga haiko mbali na kanisa. Gitaa alifundishwa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alipotoka Bungoma kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Aliyemfundisha ni Mzee Oyugi, ambaye alipiga gitaa nyuma ya waimbaji wengi na jina lake halikuandikwa popote. Oyugi hakumtoza hata senti. Alimwambia tu kwamba siku moja naye amfundishe mtu bure, na Wechuli amefundisha vijana kumi na wanne wa kwaya yetu bila malipo. Hayo nimeyaona mwenyewe.

Mwaka huu, Jumatatu moja, Wechuli alikwenda Ahero kumjulia hali mwalimu wake. Alimkuta ameketi kitandani, mguu umefungwa bandeji, mkono wa kushoto ameuweka juu ya mto. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimegeuka rangi.

"Wamesema wataviondoa," Oyugi alisema. "Alhamisi, si hii, si ile nyingine. Ile ya tatu. Nilazwe Jumatano jioni."

"Pole sana, Mzee."

"Pole ya nini? Mpunga tunakata kila mwaka." Alicheka, halafu akaacha. "Wuoda, nisikilize." Alimwita hivyo siku zote, mwanangu, kwa Kijaluo. "Ziko nyimbo sita ambazo ni zangu. Si za wale niliowapigia. Bado naweza kuzipiga, polepole. Wakishaukata huu mkono, nataka niwe na mahali pa kuusikia."

"Nitazirekodi, Mzee."

"Na amplifaya yangu. Si vile vitu vya kuchomeka kwenye simu."

"Na amplifaya yako."

Hiyo ndiyo ahadi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba.

Amplifaya ya Oyugi ni sanduku la mbao lenye spika moja, ambayo karatasi yake ilichanika zamani ikashonwa kwa uzi na gundi. Huo mshono ndio unaoipa sauti yake, kitu kama mtu mwenye kikohozi kidogo anayeimba vizuri. Haina tundu la kutolea sauti kwenda kwenye mtambo mwingine. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta unapata gitaa lisilo na amplifaya, yaani unapata mbu ndani ya chupa. Studio za mjini ziko juu ghorofani, na mguu wa mzee haupandi ngazi. Simu nayo husongwa na sauti kubwa ikaanza kukwaruza. Kilichotakiwa ni maiki moja ya kuwekwa mbele ya ile spika. Kompyuta alikuwa nayo Nangila, na kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta walikuwa nacho tangu kwaya ilipoanza kujirekodi.

Wechuli alitenga shilingi elfu tano. Kwa fundi wa cherehani hizo si pesa za mchezo, na hakuwa na nyingine.

Jumanne alikwenda mjini katika duka la Bwana Kuldip, ambalo huuza redio, waya na vyombo vya muziki. Kuldip ni mzee mwenye kilemba na miwani ya kamba, na binti yake Anjali ndiye anayejua vyombo. Wechuli aliieleza maiki ya kanisa bila kusema ni ya kanisa. Anjali aliitambua mara moja, akaitoa mpya kabatini.

"Hii hapa. Elfu kumi na saba."

"Ya elfu tano hakuna?"

"Ipo. Elfu nne na mia tano." Alimwekea nyingine, fupi, nyeusi, ya jina ambalo Wechuli hakuwahi kulisikia. "Hii ni ya ala, si ya kuimbia. Inastahimili sauti kubwa. Kwa amplifaya ya gitaa ningekuuzia hii hata ungekuwa na elfu kumi."

Wechuli aliipima mkononi ikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana.

"Niijaribu na gitaa."

"Bwana fundi," Kuldip aliingilia kutoka kwenye kiti chake, "maiki inapita mbele ya mdomo wa watu. Mimi nikifungua mfuko, wewe ukisema hapana, nani atanunua? Nikifungua, imeuzwa."

"Mimi sitaiweka mdomoni. Nitaiweka mbele ya spika."

"Kila mtu anasema hivyo, halafu anasema hallo, hallo, na mate."

"Baba!" Anjali alisema.

"Nasema ukweli. Fundi, cherehani unampa mtu ajaribu?"

"Nampa. Anashona kipande mbele yangu ndipo alipe."

Hata hivyo Kuldip hakuufungua mfuko. Wechuli naye hakununua. Hanunui kitu cha sauti ambacho hajakisikia. Hiyo nayo ni desturi yake, na kwa siku za kawaida ni nzuri. Alitoka dukani akiwa amekasirika, na hasira ikamfuata wiki nzima, kwa sababu kila duka aliloingia baada ya hapo lilimpa jibu hilo hilo kwa maneno yenye adabu ndogo kuliko ya Kuldip.

Ijumaa mtu alimwambia kuhusu Mathews, anayeuza spika na redio kwenye makutano ya Mamboleo. Mathews alimkubalia ajaribu kabla hata hajaomba. Na alichomletea, Wechuli alikijua tangu mbali: maiki ile ile ya kanisa, jina lile lile, wavu ule ule, isipokuwa haikubonyea.

"Elfu nne, Mzee wangu. Original. Ilitoka kwa jamaa anayehama."

"Original kwa elfu nne?"

"Si nimekuambia anahama? Shika. Ongea. Usiogope."

Hapo ndipo fundi mzima wa miaka hamsini na mmoja, anayejua kutofautisha sindano mbili kwa kuzigusa, alipokosea. Spika ya Mathews ilikuwa barabarani, imefunguliwa mwangwi wote. Malori ya kwenda Kakamega yalikuwa yanapiga honi. Wechuli aliishika maiki, akaileta mdomoni, akasema, "Hallo. Hallo. Moja, mbili." Makutano yote ya Mamboleo yakamsikia. Mama muuza mahindi akamjibu, "Tatu, nne! Endelea, mchungaji!" Watu wakacheka, naye akacheka, akalipa.

Alikuwa amekwenda kununua maiki ya amplifaya ya gitaa, akaichagua kwa macho na kuipima kwa mdomo. Gitaa lake alikuwa nalo mgongoni wakati huo huo, ndani ya mfuko, na Mathews alikuwa na mahali pa kulichomeka. Hakulitoa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema aliona haya kupiga gitaa barabarani mbele ya watu, kwa kuwa anajulikana kama mtu wa kanisa.

Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, aliileta kanisani. Aliiweka mbele ya amplifaya yake pale anapoweka ile nyingine kila Jumapili, akapiga, na Nangila akasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Kisha akaiweka ya kanisa, akapiga vile vile. Mlango ulikuwa umefungwa, chombo hakijavuka popote, sheria iko salama.

"Baba Simiyu," Nangila alimwambia mumewe, "ya pili ni gitaa."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza ni gitaa mtu amelificha ndani ya sufuria. Na kuna nyuki."

"Nyuki?"

"Nzzzz. Usinitazame hivyo, sikuwaweka mimi."

Aliifungua kwa bisibisi. Ndani, mahali pa kipande cha shaba na waya kinachopaswa kuwepo, palikuwa na bamba la chuma lililogandishwa kwa gundi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuidanganya mikono ya mnunuzi. Mtu alikaa mahali fulani akafikiri jinsi ya kutengeneza uzito bila kutengeneza kitu. Sielewi dhamiri ya namna hiyo, na sitajaribu kuielewa.

Jumatatu alirudi Mamboleo.

"Mathews, hii si original."

"Kwani haisemi?"

"Inasema."

"Si ulisema hallo hapa na dunia ikakusikia? Mashahidi ninao. Mama mahindi, si huyu mchungaji alisema hallo?"

"Alisema, na akahesabu," yule mama akajibu bila kugeuka.

"Nirudishie pesa yangu."

"Pesa ilishageuka unga, Mzee. Naweza kukubadilishia. Chukua hii ya karaoke, ina taa za rangi."

Wechuli aliondoka na maiki yake ya bandia. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Alikwenda kwa Kuldip, akiwa ameamua kuweka kiburi pembeni na kununua ile fupi nyeusi bila kuijaribu. Hakuwa tena na elfu nne na mia tano, lakini alikuwa ameweka saa yake rehani kwa rafiki Kibuye ili kuongezea. Anjali alimwona akiingia, akashika kichwa.

"Umechelewa. Nimeuza Jumamosi."

"Kwa nani?"

Alitaja kanisa jirani na letu hapo hapo Migosi, barabara ya pili. "Wameagiza kwa ajili ya gitaa. Nitaagiza nyingine Nairobi. Itafika kwa basi la vifurushi, labda wiki hii, labda Jumatano ijayo."

"Jumatano saa ngapi?"

"Jioni."

Jumatano ijayo jioni Oyugi angekuwa amelazwa. Wechuli alilipa hata hivyo, akamwomba Mungu iwe wiki hii, na kesho yake akaenda kwenye kanisa hilo jirani. Mhifadhi wa vyombo vyao anaitwa Walubengo, mtu wa heshima. Alimkaribisha, akamwonyesha ile maiki fupi nyeusi ikiwa mbele ya amplifaya, akamwacha apige gitaa. Wechuli alisema baadaye kwamba ilikaribia kabisa ile ya kanisa letu, na sehemu za besi ilikuwa safi zaidi. Anjali alikuwa amemwambia kweli tangu siku ya kwanza.

"Niazime Jumamosi moja," Wechuli alisema. "Nitairudisha jioni."

Walubengo alijikuna shingo. "Ndugu yangu, unanitia kwenye shida. Sisi tuna sheria. Chombo cha kanisa hakivuki mlango wa kanisa."

Wechuli alimtazama.

"Tuliichukua kwenu," Walubengo akasema, akionyesha karatasi ukutani. "Ule mkutano wa makanisa ya mtaa, uliposimama ukaeleza habari ya matanga. Wazee wetu waliipenda sana. Hata wino mweusi tuliuchukua."

Angebisha nini? Alishukuru, akaondoka, na siku zikaenda. Kifurushi hakikuja wiki ile. Alikwenda kwa Anjali siku tano mfululizo, na siku ya tano Kuldip alimwagizia chai bila kuulizwa, jambo ambalo lilimkasirisha Wechuli zaidi kuliko lile la mfuko.

Siku mbili kabla ya Alhamisi ile, yaani Jumanne, Dorca alimkuta kanisani. Nangila ndiye aliyekuwa amemweleza. Wechuli alikuwa anafunga kabati.

"Wechuli Wakhisi."

"Mama Dorca."

"Maiki iko humo ndani?"

"Iko."

"Basi itoe uende nayo Ahero kesho. Nimeongea na wanakamati wawili. Hakuna mwenye neno."

Wechuli aliushikilia mlango wa kabati. Kisha akasema, "Wewe nilikunyima."

"Ulininyima. Mama yangu alizikwa kimyakimya kama kuku."

"Kwa hiyo siwezi. Nikikunyima wewe kwa mazishi ya mama yako, kisha nijipe mimi kwa gitaa, mimi ni mtu gani?"

"Ni mtu aliyekosea mara moja na anaweza kuacha."

"Sheria haikukosea."

"Sikusema sheria." Dorca aliketi kwenye benchi la kwanza. "Sawa. Basi mlete mzee hapa. Chombo hakitavuka mlango. Nitatafuta gari, vijana watambeba mpaka ndani. Hapa hakuna ngazi."

Nadhani hapo angeweza kuokoka. Lakini nyimbo za Oyugi si za kanisa. Mbili ni za pombe, moja ni ya mwanamke wa mtu huko Muhoroni, na hata ile ya baiskeli, maneno yake si ya madhabahuni. Na katika kabati lile lile, chini ya sheria ya kwanza, Wechuli alikuwa amebandika ya pili: nyimbo za dunia hazipigwi humu.

"Haziwezi kuingia, Dorca. Unazijua."

"Kwa hivyo maiki haiwezi kutoka, na wimbo hauwezi kuingia."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe ndiye uliyeandika zote mbili."

"Kamati ilipitisha."

"Kamati ni mimi! Nimekuja kukuambia chukua!" Alisimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Unajua, nilifikiri ulininyima kwa sababu hukunijali. Ningejua ungemnyima hata mwalimu wako, nisingekukasirikia miaka miwili. Ningekuhurumia."

Wechuli alizungusha ufunguo, akautia mfukoni.

Sitamcheka kwa hili. Mimi mwenyewe ninaamini sheria inayomwachia aliyeiandika si sheria. Nchi hii imejaa watu wanaoandika kanuni za wenzao. Lakini Dorca hakuwa amemwomba ajipendelee. Alikuwa na haki ya kumruhusu, tena kuliko mtu mwingine yeyote katika kanisa lile, na alikuja kwa miguu yake. Wechuli aliposhindwa kupokea hilo hakuwa analinda chombo tena. Alikuwa anamlinda yule mtu aliyemnyima Dorca, asije akaonekana alikosea. Nimemwambia hivi usoni.

Jumatano asubuhi alikwenda Ahero na maiki ya Mathews. Stendi hakuwa nayo; alibeba mguu wa chuma wa cherehani ya zamani, akaifunga maiki juu yake kwa kamba ya mpira, akauweka mbele ya spika yenye mshono. Oyugi alikuwa amevaa shati la kutoka na kofia. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa linakuja saa nane.

Kuna jambo moja ambalo Wechuli, pamoja na miaka yake ya Ahero, alilisahau. Mpunga ulikuwa umebeba. Mpunga ukibeba, ndege hushuka kwa maelfu, na kuanzia alfajiri hadi jioni watu husimama kwenye matuta wakipiga madebe na kupaza sauti ili kuwafukuza. Maiki nzuri ikiwekwa karibu na spika humsikia aliye karibu na kumpuuza aliye mbali, kwa kuwa huhitaji kuifungulia sana. Ile ya bandia ilikuwa dhaifu. Ili gitaa lisikike ilibidi Wechuli afungulie kila kitu hadi mwisho, na alipofungulia hadi mwisho, walioingia ni nyuki wa Nangila, madebe ya mashamba yote, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiwatukana ndege kwa majina.

"Waambie wanyamaze kidogo," Oyugi alisema.

Wechuli alitoka akawaomba majirani wa karibu. Mmoja akamjibu kutoka kwenye tuta, "Fundi, mwambie ndege naye anyamaze kula, mimi nitaweka debe chini."

Wakaanza hivyo hivyo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa baiskeli. Mkono wa kulia wa mzee, kidole gumba na kidole cha kwanza, ulikwenda kama zamani. Wa kushoto ulichelewa mahali pawili, naye akaurudisha kwa ujanja hata mtu asiyejua asingetambua. Wa pili ulikuwa wa pombe, akaupiga vizuri kuliko wa kwanza. Kwenye wa tatu Wechuli alisogeza maiki, akaigeuza, akaifunika kwa sweta, akaitoa sweta. Kila mara alimwomba mzee aanze upya. Aliuanzisha mara nne. Mara ya nne aliumaliza, akaliweka gitaa kitandani, akaushika mkono wa kushoto kwa wa kulia.

"Tupumzike, Mzee."

"Hapana. Mkono umekwisha."

"Bado tatu."

"Naziona. Mkono hauzioni." Alifuta uso kwa kofia. "Ungeniacha nipige mara moja moja tu, wuoda, badala ya kunirudisha rudisha, labda tungefika tano. Unatafuta nini kwenye hicho chuma?"

Wechuli aliifungua ile kamba ya mpira. Saa nane gari lilifika.

Saa kumi na moja jioni hiyo hiyo Anjali alimpigia simu. Kifurushi kilikuwa kimefika.

Vidole viliondolewa Alhamisi, na cha tatu pia, kwa sababu madaktari walikuta ugonjwa umesogea. Wiki tatu baadaye Wechuli na Nangila walikwenda Ahero na kompyuta. Oyugi alisikiliza nyimbo zote tatu, mkono uliofungwa akiwa ameulaza juu ya goti. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Asanteni," alisema. "Nasikia mtu anapiga. Nasikia na Mama Atieno anafukuza ndege." Alitabasamu kidogo. "Mkono siusikii."

Maiki mpya ya elfu nne na mia tano sasa iko nyumbani kwa Wechuli, mbele ya amplifaya ya Oyugi, ambayo mzee aliamuru ichukuliwe kwa sababu inamzibia nafasi chumbani. Ni maiki nzuri. Yeyote anayetafuta ya bei nafuu kwa kazi hiyo, na ambaye ana muda, aende kwa Anjali na amwamini. Wechuli huitumia kupiga zile nyimbo tatu ambazo hazikurekodiwa, kadiri anavyozikumbuka. Anasema moja ameshaipoteza katikati.

Ufunguo wa kabati alimkabidhi Dorca mwenyewe. Dorca aliupokea, akautia kwenye mkoba. Sheria mbili bado zimebandikwa pale, na hakuna aliyezivunja. Katika siku zile kumi na saba maiki ya kanisa ilitumika Jumapili mbili, saa tatu kila Jumapili, na mara moja Jumamosi kabla ya mazoezi. Saa nyingine zote ililala kabatini. Kulala huko kuligharimu nyimbo sita za Oyugi: tatu zimerekodiwa ndani ya kelele za madebe, na tatu hazipo.